Wameshinda nane, wamebaki nyumbani: timu ndogo za vyuo Marekani hupataje mechi ya Desemba?

SWALI: Habari za kazi, ndugu mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, sasa naishi na familia yangu Bowling Green, Kentucky. Mwanangu wa kwanza amekulia kwenye futiboli ya huku, na timu yake ni ya chuo cha hapa mjini, Western Kentucky. Ananiambia timu ikishinda mechi sita inaruhusiwa kucheza zile mechi za Desemba wanazoziita bouli. Kisha hapohapo ananisimulia mwaka ambao timu hiyo ilishinda nane na haikwenda popote. Mimi nimezoea mpira wetu wa miguu: aliye juu kwenye msimamo ndiye anayekwenda. Huku nani anaamua? Na hizi timu ndogo zinaweza kweli kufika walipo wakubwa?

JIBU: Mwanao yuko sawa kwa yote mawili, ndugu yangu. Mwaka anaousema ni 2013. Western Kentucky ilimaliza msimu na ushindi 8 na vipigo 4, ikakaa sebuleni kuwatazama wenzake kwenye runinga. Angetaka kukuumiza zaidi angekurudisha hadi 2011, maana kisa cha mwaka ule ndicho kinachoeleza mambo haya vizuri kuliko kitabu chochote cha kanuni. Nitakifikia.

Tatizo ni kwamba unaiangalia bouli kwa macho ya soka. Kwetu ukimaliza ligi wa pili, nafasi yako ya mashindano ya Afrika ipo, wala hakuna wa kukuuliza una mashabiki wangapi. Bouli haikuzaliwa hivyo. Ya kwanza ilichezwa Pasadena, California, siku ya mwaka mpya 1902. Walioiandaa walikuwa wenyeji wa mji waliokuwa na tamasha lao la maua, wakitaka wageni waje waone kwamba kwao Januari ni jua tupu. Michigan iliichapa Stanford 49-0, na Stanford wakaomba mchezo ukomeshwe kabla ya dakika kwisha. Waandaaji waliona aibu kiasi kwamba mpira haukurudi kwenye tamasha lile hadi 1916. Baadaye mji ulijenga uwanja wenye umbo la bakuli, ambalo kwa Kiingereza ni bowl, mechi ikachukua jina la uwanja, na jina likasambaa nchi nzima hadi kwenye viwanja ambavyo havifanani na bakuli hata kidogo.

Kwa hiyo ichukulie bouli kama harusi. Kuna mwenye shughuli, kuna ukumbi uliokwisha kulipiwa, kuna mdhamini, na kuna kadi. Ushindi sita unakupa nguo za kwendea. Kadi inatoka kwa mwenye shughuli, na yeye, kama unavyojua, humkumbuka kwanza aliyechanga.

Nguo zenyewe hazina maelezo marefu. Ngazi ya juu ya futiboli ya vyuo, inayoitwa FBS, ilikuwa na timu 136 msimu wa 2025. Kila timu hucheza mechi 12, hivyo sita ni nusu yake. Ukimfunga mtu wa ngazi ya chini, FCS, ushindi huo unahesabiwa, lakini mmoja tu. Timu iliyopanda daraja hungoja miaka miwili kabla ya kuruhusiwa. James Madison ya Virginia ilishinda 11 kati ya 12 mwaka 2023 na bado ikawa inaombea viti vibaki ndipo iingie. Vilibaki, ikaingia. Bouli ziko 40 hivi, maana yake nafasi zinakaribia 80. Mwaka ambao wenye ushindi sita ni wengi kuliko viti, kuna watakaolia. Na wanaolia karibu kila mara hutoka upande wa kina mwanao.

Sasa kadi. Vyuo hivi vimegawanyika katika makundi yanayoitwa konferensi, kila moja na ligi yake na ofisi yake. Nne ndizo zenye fedha na majina: SEC, Big Ten, Big 12 na ACC. Waliobaki ni American, Conference USA, MAC, Mountain West na Sun Belt, pamoja na Pac-12 iliyobomoka mwaka 2024 ikabaki na timu mbili na sasa inajengwa upya kuanzia 2026. Kila konferensi huingia mikataba na bouli miaka kabla ya mechi kuchezwa: sisi tutakuleteeni timu moja kila mwaka, nyie mtutunzie kiti. Konferensi kubwa ina mikataba ya kutosha, hata timu yake ya kumi inapata pa kwenda. Konferensi ndogo ina mikataba ya kuhesabu kwa vidole. Ikitoa timu nyingi zaidi ya mikataba yake, waliozidi wanabaki mikononi mwa bahati. Mwaka 2001, Sun Belt ilipoanza futiboli, ilikuwa na bouli moja tu, ya New Orleans.

Hapo ndipo kisa cha 2011 kinapoingia. Western Kentucky ilikuwa bado mgeni wa ngazi ya juu na ilikuwa ndani ya Sun Belt. Miaka miwili kabla yake, 2009, ilicheza mechi 12 na kufungwa zote 12. Msimu wa 2011 ukaanza vilevile, vipigo vinne mfululizo. Kisha kitu kikabadilika, timu ikaanza kushinda, ikamaliza na 7 kwa 5. Ndani ya konferensi ilishinda mechi 7 kati ya 8 ikawa ya pili nyuma ya Arkansas State, bingwa, ambayo ndiyo pekee iliyoifunga. Sun Belt wakati ule ilikuwa na timu tisa na kila mmoja alikutana na kila mwenzake, kwa hiyo hakuna ubishi wa ratiba hapa: wote waliokuwa chini yake kwenye msimamo, iliwafunga uwanjani.

Bouli zilipotoa kadi, Arkansas State ilipata yake. Louisiana-Lafayette ikapata. Florida International ikapata. Western Kentucky haikupata.

Sababu? Lafayette na Florida International walikuwa na ushindi 8 kila mmoja kwa jumla, hilo liliwasaidia. Lakini mchukulie mwenye bouli ya New Orleans. Lafayette iko kilomita kama 215 kutoka uwanjani kwake, saa mbili na kidogo kwa gari. Timu hiyo haikuwa imecheza bouli tangu 1970. Unadhani mji mzima ungefanya nini? Walijaza magari wakaja. Zaidi ya watu 40,000 waliingia ndani, hesabu ambayo bouli ile haikuwahi kuiona, na timu yao ikashinda kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho. Ningekuwa mimi mwenye shughuli, kwa moyo mzito ningewachukua hao hao na kuwaacha watu wa Kentucky. Huo ndio ukweli ambao mashabiki hawapendi kuusikia: kamati ya bouli inajaza viti vya uwanja na vyumba vya hoteli, haigawi haki.

Twende 2013. Western Kentucky, ushindi 8, bado ndani ya Sun Belt, bado mikataba michache. Kimya. Mwaka uliofuata ikahamia Conference USA, ambayo wakati huo ilikuwa na milango mingi zaidi. Msimu huo wa 2014 ilishinda 7 tu, pungufu ya mwaka uliopita, na ikapanda ndege kwenda Nassau kucheza bouli ya kwanza kabisa ya Bahamas, siku moja kabla ya Krismasi. Mwambie mwanao akuoneshe video ya mechi ile. Western Kentucky iliongoza 49-14 wakati robo ya nne inaanza, Central Michigan wakarudi pointi 34 bila kujibiwa, bao la mwisho likitokana na mpira mrefu uliopita mikono ya wachezaji kadhaa hadi kwenye mstari muda ukiwa umekwisha. Kwenye jaribio la ziada linalofuata bao wakatafuta pointi mbili za kushinda badala ya moja ya kusawazisha, wakakosa. 49-48.

Timu ileile basi, chuo kilekile. Ushindi nane ilibaki nyumbani. Ushindi saba ilikwenda baharini. Kilichobadilika ni ofisi iliyokuwa imeweka sahihi kwa niaba yake. Ndiyo maana ukiniuliza njia ya kwanza ya timu ndogo kufika bouli, sitakutajia kocha wala mazoezi. Nitakutajia konferensi iliyojua kusaini.

Njia ya pili ni mashabiki wanaosafiri, na hili halina huruma. Temple ya Philadelphia mwaka 2010 ilikuwa MAC, ikashinda 8 na kufungwa 4. Mwezi Septemba iliifunga Connecticut 30-16. Connecticut nayo ikamaliza 8 kwa 4, lakini ilikuwa bingwa wa konferensi yenye mlango wake wa uhakika, basi ikapelekwa Fiesta Bowl kule Arizona, mojawapo ya bouli kubwa kabisa. Temple ikabaki nyumbani. Mkasa una mkia: mkataba ulikilazimu chuo cha Connecticut kuchukua tiketi 17,500 za kuuzia watu wake. Ni wangapi wangevuka nchi nzima wakati tiketi za bei ya chini zilikuwa tele mtandaoni? Chuo kilipoteza zaidi ya dola milioni moja na nusu kwa safari ya kwenda kufungwa 48-20. Siku hizi nyingi za bouli ndogo zinamilikiwa na ESPN, kampuni ya runinga, ambayo inajali zaidi watazamaji walioko nyumbani kuliko walioko uwanjani. Kwa timu ndogo hiyo imekuwa afadhali kidogo. Hata hivyo jiografia haijafa. Timu inayoweza kufika kwa basi bado inapendwa kuliko ya kukodiwa ndege.

Njia ya tatu inachekesha: jibu haraka. Louisiana Tech mwaka 2012 ilikuwa na ushindi 9 na timu iliyofunga pointi kama mvua. Bouli ya Independence, iliyoko Shreveport, saa moja hivi kwa gari kutoka chuoni kwao, ikawapa nafasi. Wakaomba muda, wakitumaini kupigiwa simu na bouli yenye jina kubwa zaidi. Shreveport hawakungoja, wakawachukua Ohio. Simu nyingine haikulia, na timu ya ushindi 9 ikakosa kila kitu. Miaka kumi na miwili baadaye, Desemba 2024, mambo yakageuka. Marshall, bingwa wa Sun Belt, ilikuwa imepangiwa bouli hiyohiyo. Kocha akaondoka kwenda chuo kingine, wachezaji kwa makumi wakaingia dirisha la uhamisho, na Marshall ikajitoa kwa kukosa watu wa kucheza. Nani akaitwa dakika za mwisho? Louisiana Tech, safari hii na ushindi 5 tu. Wakasema ndiyo. Jeshi, yaani timu ya chuo cha Army, iliwafunga 27-6, lakini walicheza.

Umeona nimesema ushindi 5. Hiyo ndiyo njia ya nne, na wengi hawaijui. Viti vikizidi watu, wanaitwa wenye 5 kwa 7, na wanapangwa kwa alama za masomo: chuo ambacho wachezaji wake wanafaulu na kubaki darasani ndicho kinachoulizwa kwanza. Mwaka 2015 waliingia watatu kwa mlango huo, Nebraska, Minnesota na San Jose State, na wote watatu wakashinda. Mwaka 2025 mlango ulifunguka kwa namna mpya. Notre Dame, mmoja wa wakubwa, iliyokasirika kuachwa nje ya mchujo wa kumpata bingwa wa taifa, ilikataa bouli. Iowa State na Kansas State, zilizokuwa zinabadilisha makocha, nazo zikakataa, na konferensi yao ikazitoza faini. Timu kadhaa za ushindi 5 zilipigiwa simu zikasema hapana. Rice na Appalachian State, za konferensi ndogo, zikasema ndiyo.

Mimi nasimama na hao waliosema ndiyo. Kila Desemba kuna mwandishi wa Marekani analalamika bouli zimekuwa nyingi mno, kwamba mechi ya timu mbili za 6 kwa 6 kwenye uwanja nusu mtupu haina maana. Kwa mtu wa timu kubwa kama Alabama labda haina. Kwa timu kama ya mwanao inamaanisha wiki za ziada za mazoezi kwa vijana watakaocheza mwakani, saa tatu za runinga ya taifa bila timu nyingine ya chuo uwanjani, na maneno ya kumwambia mama wa kijana wa sekondari anayechagua chuo. Aliyezoea karamu ndiye anayeona pilau imezidi.

Sasa swali lako kubwa, la kufika walipo wakubwa. Kati ya 1998 na 2013 mlango wa wadogo kuingia bouli kubwa ulikuwa tundu la sindano. Utah ilipita ikaifunga Alabama 31-17 kwenye Sugar Bowl ya Januari 2009. Boise State ilipita Januari 2007 ikaifunga Oklahoma 43-42 katika muda wa nyongeza, na mchezo wa mwisho ule, mpira uliofichwa nyuma ya mgongo, bado unaoneshwa kila mwaka. Kuanzia 2014 bingwa bora wa konferensi ndogo alihakikishiwa bouli moja kubwa, ila ubingwa wa taifa ulikuwa wa timu nne tu. Katika miaka kumi ya mfumo huo ni Cincinnati pekee, 2021, iliyopenya kutoka kwa wadogo. UCF ilimaliza 2017 bila kufungwa, mechi 13 kwa 13, ikiwemo kuifunga Auburn, na haikupewa nafasi. Walijitangazia ubingwa wenyewe, wakafanya na gwaride. Niliwacheka wakati ule. Leo naona walikuwa na hoja.

Tangu 2024 mchujo una timu 12, na kanuni ya miaka miwili ya mwanzo ilisema mabingwa watano wa juu kwenye viwango waingie, bila kutaja konferensi. Kwa kuwa konferensi kubwa zimebaki nne, mmoja wa wadogo alikuwa na uhakika. Boise State ilikwenda 2024. Mwaka 2025 kukatokea ajabu: Duke, yenye vipigo vitano, ikatwaa ubingwa wa ACC, viwango vyake vikawa chini ya mabingwa wawili wa konferensi ndogo, na Tulane na James Madison zikaingia zote. Kwa James Madison ulikuwa msimu wa nne tu katika ngazi ya juu, na kipigo chake pekee kilitoka hapo Kentucky kwenu, kwa Louisville. Zilifungwa zote mbili raundi ya kwanza na watu wakaanza kusema wadogo hawastahili. Wakubwa wamejilinda: kuanzia 2026 mabingwa wa konferensi nne kubwa wanaingia moja kwa moja hata wakiwa wa aina ya Duke, na wadogo wote wanagombea kiti kimoja cha uhakika.

Kiti hicho hakipatikani Desemba. Kinapatikana Septemba. Kamati inayoteua timu za mchujo ina ushahidi mmoja tu wa kumlinganisha mdogo na mkubwa, nao ni zile mechi ambazo mkubwa humlipa mdogo ili aje afungwe kwenye uwanja wa mkubwa. Northern Illinois ililipwa dola milioni 1.4 Septemba 2024 kwenda Notre Dame. Ikashinda 16-14. Lakini ikapoteza mechi za kutosha ndani ya MAC, ikamaliza 7 kwa 5, na bouli yake ikawa Boise, kwenye ule uwanja wenye nyasi za bluu, ambako iliifunga Fresno State katika nyongeza. Notre Dame iliyofungwa na hao ilicheza fainali ya taifa. Mkubwa akijikwaa anainuka; mdogo akijikwaa mara mbili anahesabiwa ameanguka. Kwa hiyo timu ndogo inayotaka mchujo inahitaji vyote: imfunge au imtishe mkubwa Septemba, isiteleze kwa wadogo wenzake Oktoba, na ichukue ubingwa wa konferensi mwanzoni mwa Desemba. Bingwa tu ndiye mwenye nafasi halisi. Wa pili wa konferensi ndogo arudi kwenye foleni ya bouli za kawaida.

Mwanao akitaka kujua mapema, novemba ikifika amhesabu kila mwanachama wa Conference USA mwenye ushindi sita, kisha aangalie kama konferensi kubwa zimetimiza mikataba yao. SEC au Big Ten zikikosa watu wa kujaza viti, milango hiyo hufunguliwa kwa wadogo. Timu zinapangwa Jumapili baada ya fainali za konferensi, na mchana huohuo kila mtu anajua kama anafunga mizigo.

Na ukiamua kuwapeleka watoto, soma tiketi vizuri kabla ya kulipa. Kuna Bowling Green State, ambayo iko Ohio, inacheza MAC, na yenyewe pia hupata bouli. Mwaka 2023 ilikwenda Detroit, ikafungwa na Minnesota ya 5 kwa 7. Usije ukajikuta umekaa kwenye baridi ya Michigan unashangilia mji wa jina lako na timu ya watu wengine.